Kabla ya Moto, Someni Magazini

Novemba 2016 Kenya iliteketeza bunduki haramu zaidi ya 5,000 kule Ngong. Nilifurahi, kwa sababu bunduki iliyoungua haitamwua mtoto wa mtu. Lakini nilikuwa fundi wa silaha jeshini, na kila nionapo rundo la silaha zinazosubiri moto, macho yangu hutafuta magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa chini ya bunduki. Katika maghala niliyopitia, karani aliandika namba ya bunduki daftarini, kisha magazini ikatupwa guniani pamoja na mikanda na vyuma chakavu. Hakuna aliyeigeuza kuona imegongwa alama gani. Huko ni kutupa ushahidi, na nadhani wakati umefika wa kuacha.

Anayetaka kujua alama hizo zina uzito gani aangalie Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuanzia 1940 na 1941 viwanda vya silaha viliacha majina na namba zilizotumika awali, vikapewa herufi za siri, ili adui akiokota silaha asijue mji wa kwenda kuupiga mabomu. Mauser wa Oberndorf alikuwa byf. Walther wa Zella-Mehlis alikuwa ac. Kiwanda cha C. G. Haenel mjini Suhl kilikuwa fxo, na herufi hizo tatu zimegongwa kwenye magazini nyingi mno za bastola ya P08, pembeni yake tai mdogo na namba 37 ya wakaguzi wa jeshi. Vita vilipokwisha, orodha za siri ziliangukia mikononi mwa washindi. Kilichobuniwa kuficha kiwanda ndicho leo kinachokitaja.

Tena P08 ilitolewa na magazini mbili, na kitakoni mwa kila moja paligongwa namba ya bastola yenyewe. Ile ya akiba iliongezewa alama ya kujumlisha. Kitako chenyewe nacho kinasema: cha mbao ni cha zamani, cha alumini kimefuata, cha plastiki ngumu ni cha baadaye. Kwa hiyo hata magazini iliyookotwa peke yake, bila bastola, inaweza kukwambia imetoka wapi, lini, na mwenzake ni nani.

Alama hizi huwaumbua waongo pia. Kuna watu huko Ulaya na Marekani wanaogonga alama bandia ili wauze vyuma kwa bei kubwa. Mtu akikuletea kitu kilichoandikwa byf na mwaka 1938, usibishane naye: mwaka huo Mauser alikuwa bado anatumia alama ya S/42. Na ukikuta svw, hilo ni jina la siri ambalo Mauser alipewa vita vikielekea ukingoni.

Lakini alama isiyosomwa vizuri hupotosha. Askari wa Uingereza na Marekani waliiita bunduki ya Kijerumani ya MP40 “Schmeisser”, na hadi leo jina hilo linarudiwa. Mbunifu wa silaha Hugo Schmeisser hakuibuni bunduki ile. Jina lake lilikuwa kwenye magazini, kwa sababu hataza ya magazini ilikuwa yake.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Simson. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Simson & Co. wa Suhl ndio waliotengenezea jeshi la Ujerumani bastola za P08, na jina lao liko wazi juu ya chuma. Walikuwa Wayahudi. Wanazi walipoingia madarakani, Fritz Sauckel, mkuu wa chama chao mkoani Thuringia, aliwanyang'anya kiwanda. Familia ikakimbilia Uswisi na baadaye Marekani. Jina la Simson likafutika, na mali ile ikaishia katika Gustloff-Werke. Kampuni hiyo hiyo ilijenga kiwanda kando ya kambi ya Buchenwald, wafungwa wakalazimishwa kutengeneza bunduki. Sauckel alinyongwa Nuremberg mwaka 1946. Mtu akizipanga silaha za Suhl mezani kwa miaka yake, ataona mahali jina la wenye mali lilipokatika.

Msidhani haya yalikwisha na vita vile. Mwaka 2012 wapiganaji wa Aleppo, Syria, walionyesha shehena ya bunduki za StG 44, zilizotengenezwa Ujerumani karibu miaka 70 kabla. Chuma kikitunzwa hakizeeki, na masalio ya vita moja ni mtaji wa vita nyingine.

Kwetu, silaha zinazokamatwa zaidi ni za ukoo wa Kalashnikov. Magazini zake nazo zinasema. Mshale ndani ya pembetatu ni Izhevsk, Urusi. Nyota ni Tula, Urusi pia. Namba 10 ndani ya duara mbili ni Kazanlak, Bulgaria. Jambazi aweza kusaga namba ya bunduki kwa tupa na asikumbuke kabisa magazini. Ni kweli magazini hubadilishwa, na moja peke yake haithibitishi njia ya bunduki. Lakini mia mbili zenye alama moja, zilizokamatwa wilaya tatu tofauti, zinamwonyesha mpelelezi pa kuanzia.

Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo inataka kila silaha itiwe alama ya mtengenezaji, nchi na namba yake. Ni sheria nzuri, ila inazungumzia silaha, na kisanduku cha risasi kinabaki kwenye gunia. Ninachoomba hakihitaji mtambo wa bei mbaya. Futa grisi kwa kitambaa. Mulika tochi kwa ubavu, alama itainuka. Ikiwa hafifu, pakaza vumbi la chaki. Piga picha pande zote na kitakoni, andika tarehe na mahali ilipokamatwa. Msasa usikaribie kabisa. Niliwahi kuona vijana wa kikosi kimoja wakisugua magazini zing'ae kwa ajili ya ukaguzi, na kila alama ikaondoka na unga wa kutu.

Wakuu wa polisi na wa majeshi katika nchi zetu, ongezeni safu moja kwenye daftari la silaha zilizokamatwa: alama za magazini. Ijazwe kabla ya kiberiti kuwashwa.