Tamko la Mafundi na Wachora Ramani wa Karagwe na Kyerwa Kuhusu Upitiaji wa Michoro ya Majengo

Sisi, wanachama wa chama cha mafundi ujenzi na wachora ramani wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, tuliokutana hapa Kayanga, tunatoa tamko hili kwa wananchi, waheshimiwa madiwani na watendaji wa halmashauri zetu mbili. Tunaomba liundwe jopo moja la wataalamu, la wilaya zote mbili, lipitie michoro ya majengo makubwa kabla kibali cha ujenzi hakijatolewa. Tunaomba pia jopo hilo likae na mwombaji akiwepo mezani.

Alasiri ya Jumamosi, Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wetu. Kitovu kilikuwa upande wa Missenyi, lakini nasi lilitufikia. Watu wasiopungua 17 walifariki na mamia walijeruhiwa. Wengi wetu tuliitwa baadaye kubomoa kuta zilizobaki zimeinama, na hatujasahau tulichokikuta: tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo, pembe zilizoachana kwa kukosa nguzo, madirisha yasiyo na lenta. Pembetatu ya ukuta chini ya paa, isiyofungwa popote, ilikuwa imeangukia ndani. Kasoro hizo zote huonekana kwenye mchoro, akiwepo wa kuutazama.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazifanya halmashauri kuwa mamlaka za upangaji. Mwombaji hupeleka michoro ya usanifu, michoro ya mhandisi na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja, kisha faili huzunguka kwa maofisa wa ardhi, mipango miji, afya na ujenzi. Hatuwalaumu maofisa hao. Ni wachache, na vilima vya kuvizungukia ni vingi. Tunachosema ni kwamba faili linalopita meza moja moja huficha jambo ambalo meza moja ya pamoja ingeliona. Chukueni kiwanja cha mteremko, na viwanja vyetu vingi ndivyo vilivyo. Afisa afya anataka shimo la maji machafu liwe mbali na kisima, hivyo linasogezwa juu ya kiwanja. Anayo haki. Mhandisi naye amekwisha kupitisha ukuta wa kuzuia udongo upande huohuo, akidhani nyuma yake pakavu. Maji yakianza kunywea huko, udongo unakuwa mzito na ukuta unasukumwa. Kila ofisa ametimiza wajibu wake, na nyumba imeharibika.

Jopo la namna hii si jambo geni duniani. Vancouver, nchini Kanada, wasanifu na wahandisi hukaa pamoja kuushauri mji juu ya majengo yanayopendekezwa, na wananchi wanaruhusiwa kusikiliza. Zanzibar, Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi, na mwenye nyumba humo habadilishi jengo kwa matakwa yake peke yake. Wao hutazama sana sura ya jengo na mtaa wake. Sisi tunataka jopo letu lianze chini, kwenye udongo na msingi, lipande kwenye nguzo na mkanda wa zege, ndipo lifike kwenye rangi ya bati.

Tunapendekeza lipitie shule, zahanati, nyumba za ibada, masoko na kila jengo la ghorofa, zikiwemo fremu zinazopanda Omurushaka, Nkwenda na Murongo. Akae mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, msanifu majengo aliyesajiliwa, mtaalamu wa udongo na miamba, mtu wa zimamoto, maofisa wa halmashauri, na fundi mmoja mzoefu anayejua tofali letu lilivyo. Aliyechora mchoro unaojadiliwa atoke nje wakati wa uamuzi. Mchoro ukikataliwa, mwombaji apewe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili, ili arekebishe kitu anachokijua.

Muhuri kwenye mchoro peke yake hautoshi, kwa kuwa hatari huendelea wakati wa ujenzi. Machi 29, 2013, jengo lililokuwa bado linajengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Kwa hiyo jopo lifike kiwanjani angalau mara mbili: nondo za msingi zikiwa bado wazi, na kabla ya kumwaga zege la jamvi la juu.

Na sisi tunayo ya kukiri. Wapo kati yetu waliopunguza nondo kwa sababu tajiri ameishiwa fedha, na waliojenga mteremkoni kwa ramani iliyochorwa kwa kiwanja tambarare. Kuanzia leo, mwanachama wetu hataanza msingi wa ghorofa bila mchoro wenye muhuri kuwepo kiwanjani. Tajiri akimtaka abadilishe, ataweka chini mwiko na kutoa taarifa kwa mhandisi wa halmashauri. Atakayekiuka ataondolewa kwenye chama.

Nakala za tamko hili zinapelekwa kwa wakurugenzi watendaji wa Karagwe na Kyerwa, pamoja na ombi la kuonana nao kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira.