KOMPYUTA ZA MSAADA: TUZIWASHE KWANZA, MAKOFI BAADAYE

Ndugu wanaushirika,

Siku hizi makampuni yanazipa shule zetu kompyuta zilizokwisha tumika. Tunashukuru, lakini shukrani isitufumbe macho.

Ziko zinazotolewa zikiwa nzima kabisa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia bure Windows 10, na mashine nyingi za maofisini haziwezi kuipokea Windows 11. Mashine hizo zikiwekwa Linux, ambayo ni programu ya bure, mtoto atajifunzia bila taabu. Hizo karibuni sana!

Lakini ziko nyingine. Shule moja, jina tunaliacha, ililetewa mzigo mkubwa. Hotuba zikasomwa, picha zikapigwa. Wageni walipoondoka, zilizowaka zilihesabika kwa vidole. Mbovu zimejaza chumba ambacho watoto wangekaa wakasoma. Tena zile za kioo cha kichogo zina madini ya risasi, nayo ni sumu.

Wapo watakaosema, "Jamani, bure hiyo, mnabagua nini?" Tunawajibu: bure gani hii inayokula chumba cha darasa? Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unataka nchi isipelekewe taka za sumu bila ridhaa yake. Ikiwa nchi ina haki ya kukataa, basi na kamati ya shule iwe nayo.

Kwa hiyo tunasema, kabla ya kutia sahihi kamati iulize mambo matatu:

1. Je, zote zinawaka? Ziwashwe mbele yetu.
2. Nani atalipia LUKU na fundi?
3. Zikifa, nani atakuja kuzichukua?

Asiyekuwa na jibu arudi na mzigo wake, tena kwa heshima.

Na sisi je? Kariakoo ni hapo tu, vijana wanafufua simu na kompyuta kutwa nzima. Ushirika uwalipe mafundi wawili, siku moja kila mwezi, waende shuleni wakatengeneze huku wanafunzi wakishika bisibisi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikutukataza kupokea msaada, lilituonya tusiutegemee. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ndugu, jambo hili tulilete mkutanoni tukate shauri. Watoto ni wetu, na chumba ni chao.