Mtoto Asiyegeuka Akiitwa



Kila mwezi tunazungumza hapa habari za mtama, uwele, alizeti na mifugo. Mwezi huu tuzungumze habari za mtoto. Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini nilifanya kosa, na kosa langu linaweza kukufaa wewe.

Mdogo wangu wa kike ameolewa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Mtoto wake wa pili ni mvulana. Siku moja nilipita kwake nikitoka kukagua mashamba ya uwele. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, mtoto huyu nikimwita hageuki. Haniangalii usoni. Hanionyeshi kitu kwa kidole kama alivyofanya dada yake. Tangu asubuhi anazungusha gurudumu la kigari chake tu."

Nilicheka. Nikamjibu, "Wavulana huchelewa. Subiri, atasema."

Alisubiri. Alisubiri kwa sababu kaka yake amesoma. Mtoto alifika miaka mitatu na nusu bila kusema neno lolote. Tulipoteza miaka miwili. Mkulima akiona viwavi kwenye mtama humwambia asingoje hata siku moja. Mbona mama wa mtoto nilimwambia angoje?

Usonji ni nini?

Tulipompeleka hospitali tuliambiwa kwamba mtoto ana usonji. Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti. Huanza mapema sana, mara nyingi kabla mtoto hajazaliwa. Mwenye usonji huona taabu kuzungumza na kuelewana na watu. Hupenda kurudia jambo lile lile. Usonji hauambukizi.

Hali hii ipo katika kila taifa. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari zake mwaka 1943, baada ya kuchunguza watoto 11. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Hugunduliwa zaidi kwa wavulana kuliko wasichana.

Dalili za kuangalia

1. Mtoto ametimiza mwaka mmoja, lakini ukimwita jina lake hageuki.
2. Amefika mwaka mmoja na nusu, lakini haonyeshi kitu kwa kidole.
3. Hamwangalii mama yake usoni. Ukimchekea hacheki.
4. Amefika miezi 16 na hasemi hata neno moja. Au amefika miaka miwili na haunganishi maneno mawili, kama "mama maji".
5. Alikuwa anasema maneno machache, kisha akaacha.
6. Hupanga vijiwe au huzungusha kitu kwa muda mrefu. Hulia sana akisikia mashine ya kusaga, au kikombe chake kikibadilishwa.

Dalili moja peke yake haitoshi kusema ni usonji. Mtoto mwingine huona haya mbele ya mgeni. Mwingine hasikii vizuri, labda kwa sababu masikio yake hutoka usaha. Kwa hiyo masikio yapimwe kwanza. Mtoto wetu hakugeuka alipoitwa, lakini aligeuka upesi aliposikia karanga zikimiminwa kwenye sufuria. Tungefikiri vizuri, tungeona kwamba sauti anaisikia. Hata hivyo, masikio yake yalipimwa hospitali.

Nani alaumiwe?

Hakuna wa kulaumiwa. Usonji si laana ya ukoo. Si uchawi. Hautokani na mama kumlea mtoto vibaya. Wako majirani waliomnyoshea mdogo wangu kidole, naye alilia sana. Wasingalisema hivyo kama wangalijua.

Wengine husema kwamba chanjo ya surua ndiyo huleta usonji. Si kweli. Neno hilo lilienea baada ya daktari mmoja wa Uingereza kuandika habari hiyo mwaka 1998. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 wataalamu wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto 657,461. Hawakuona kwamba chanjo inaleta usonji. Lakini surua inaua. Mchanje mtoto.

Fanya hivi

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, uende zahanati. Usiseme tu, "Mtoto hajambo." Mweleze mganga umri wa mtoto na mambo uliyoyaona. Sema, "Nikimwita hageuki. Haonyeshi kitu kwa kidole." Omba masikio yapimwe. Omba barua ya rufaa. Ukiambiwa usubiri, uliza urudi tarehe gani, na urudi siku hiyo.

Mjini Dodoma ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ipo pia Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Ukitumwa huko usiogope jina. Kwenda Mirembe si kusema kwamba mtoto ni kichaa.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Anayekuuzia dawa hiyo anachukua mbuzi wako bure. Mtoto husaidiwa kwa kufundishwa, na kuanza mapema ni bora. Nyumbani keti chini, uso wako uwe mbele ya uso wake. Shika kikombe, sema "maji", kisha ngoja kidogo. Akinyosha mkono, mpe. Fanya hivyo kila siku. Kula, kuoga na kulala kuwe na saa zake.

Usimfungie ndani wageni wakija. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu.

Mtoto wetu sasa ana miaka mitano. Bado hawezi kuzungumza kama wenzake. Lakini mwezi uliopita alinishika mkono, akanivuta hadi kwenye mtungi, akasema, "Maji." Nilimpa maji. Kisha nilimwomba mdogo wangu msamaha. Akanijibu, "Kaka, waambie na wengine." Ndiyo maana nimeandika.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kijijini kwenu yuko mtoto anayefichwa ndani? Mnaweza kumsaidiaje mama yake?
2. Mtoto wako akiitwa, anageuka?
3. Kwa nini masikio yapimwe kwanza?