Chupa Tatu kwa Hesabu ya Nani?

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kijana kaishikilia kama hati ya deni. Ndani yake mistari miwili ya kalamu: wingi wa damu 5.2, chupa 3. Mama yake ana saratani ya mlango wa kizazi, amelazwa katika hospitali ambayo sitaitaja. "Tafuteni watu," kaambiwa. Basi kaja kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga: "Wagosi, nisaidieni," kama anayeomba kiberiti.

Tulikwenda sita. Mmoja hakufika kilo 50. Mwingine alitoa mwezi uliopita, na mwanamume sharti akae miezi mitatu. Mvuvi wa Deep Sea, kifua kama mlango wa jahazi, presha ikamkatalia. Tukabaki watatu. Nikiwa nimelala na sindano mkononi, nikamuuliza daktari kijana: kwa nini tatu, si mbili, si tano? Akacheka. "Ndivyo tunavyoandika, mzee."

Ndivyo tunavyoandika! Mkoa huu?

Mkoa huu ndio wenye hospitali ya Teule, Muheza, iliyokuwamo katika utafiti wa FEAST uliotangazwa mwaka 2011: watoto 3,141 mahututi wa Kenya, Uganda na Tanzania, zaidi ya nusu wakiwa na malaria. Vitabu vingi vilifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji mshipani, upesi. Walipopima, waliomiminiwa walikufa zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, 7. Watoto wa Muheza wamesaidia kuurekebisha mkono wa daktari. Leo mama zao wanawekewa damu kwa mazoea.

Na damu si maji ya mtungi. Neil Blumberg, wa Chuo Kikuu cha Rochester huko Marekani, ametumia miongo kadhaa akionya kwamba damu ya mtu mwingine, hasa chembe zake nyeupe, huuyumbisha ulinzi wa mwili wa mgonjwa, na kwamba mwenye saratani hapaswi kuwekewa chupa asiyoihitaji. Wapo wanaombishia, na ubishi haujaisha. Uingereza, kwa sababu zake nyingine, inachuja chembe nyeupe katika damu yote tangu 1999. Ya kijiweni kwetu nani anaichuja?

Lakini shika na upande wa pili. Tangu 1953, L. H. Gray na wenzake walipoandika juu ya oksijeni na mionzi, inajulikana kwamba uvimbe uliokosa oksijeni ni mgumu kuuawa. Mama anayevuja damu miezi minane huko Pangani, kisha akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na wingi wa damu wa 5, mionzi inampiga akiwa hana cha kuisaidia. Kumnyima damu kwa kuwa Rochester wamesema tahadhari ni upumbavu. Mgonjwa wa Rochester hakuja na malaria wala safura, na hakupanda basi kilomita 350.

Kwa hiyo swali ni letu: huyu wa kwetu, apandishwe hadi ngapi, kwa chupa ngapi, lini? Kituo cha utafiti wa tiba, NIMR, tunacho Tanga hapa hapa. Kuanza hakuhitaji mfadhili wala semina yenye posho. Ni daftari: alikuja na ngapi, kaongezewa ngapi, ikafika ngapi, alisubiri siku ngapi, tiba aliimaliza au aliiacha njiani. Nasema daftari, waheshimiwa, si mkakati.

Na damu yenyewe isiwe kazi ya watoto wa mgonjwa. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, chupa moja kwa kila watu 100, mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.6 kwa sensa ya 2022 unahitaji kama chupa 26,000 kwa mwaka. Ukizitafuta hizo vijiweni, utazika watu kwanza.

Juzi kijana karudi. Karatasi mpya, chupa 2. Nikamuuliza: baada ya zile tatu zetu, mama alipimwa ikafika ngapi? Akaigeuza karatasi nyuma na mbele. Hakuna palipoandikwa. Na sisi watatu miezi yetu bado haijatimia.