Neno la Mchawi na Upanga wa Mwenzake

Upo ugomvi mmoja baina ya wapenzi wa michezo ya kuigiza ya mezani ambao haujapata kwisha: je, mchawi amepewa nguvu kupita kiasi? Mimi nasema amepewa, na nasema wazi kwamba jambo hilo linaharibu mchezo. Lakini wengi walio upande wangu wanatoa sababu isiyo ya kweli, na ndiyo maana kila siku wanashindwa katika mabishano ambayo kwa haki wangeyashinda.

Kwa msomaji asiyeijua michezo hii, inafaa nieleze kidogo. Mama wa michezo yote ya aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni mwendesha mchezo, naye husimulia yaliyoko: pango, mto, joka lililolalia dhahabu. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu hurushwa. Yuko mpiganaji mwenye deraya na upanga, yuko mwizi afunguaye makufuli, na yuko mchawi. Huyu si yule mchawi wetu wa kuwanga usiku. Ni msomi mwenye kitabu, ambaye hujifunza maneno ya uchawi na kuyatamka wakati wa haja. Katika mchezo huu hakuna anayemshinda mwenzake. Faida pekee ya kuketi pale saa nne au tano ni kuwa na sehemu yako katika kisa kinachotungwa na wote. Basi ukimnyima mtu sehemu hiyo, umemnyima kila alichokijia.

Sababu isiyo ya kweli ni moto. Watu hulalamika kwamba mchawi hurusha tufe la moto likaunguza maadui ishirini kwa mkupuo, hali mpiganaji anakata mmoja mmoja. Mimi sioni kosa hapo. Katika Chainmail, kitabu cha vita vya vikaragosi cha mwaka 1971 ambacho mchezo huu ulichipuka kwacho, mchawi aliwekwa kama mzinga: tufe lake la moto lilipimwa sawa na manati kubwa ya kurushia mawe, na radi yake sawa na mzinga mzito wa vitani. Mzinga una kazi yake na askari wa miguu ana kazi yake. Hakuna askari aliyewahi kuona haya kwa sababu jeshi lake lina mizinga.

Kosa liko pengine. Tazama kundi limefika penye mlango uliofungwa. Mwizi hurusha dadu, na huenda akashindwa. Mpiganaji hutia bega, naye hurusha dadu, na huenda akashindwa vilevile. Mchawi hutamka neno, na mlango unafunguka. Mbele kuna bonde: wengine watafute kamba, yeye anaruka. Kuna mlinzi wa lango: wengine watafute maneno ya kumlainisha, yeye anamroga awe rafiki. Kuna safari ya siku kumi jangwani, ambayo mwendesha mchezo ameitayarishia visa vya jioni nzima: mchawi aliyepanda madaraja anatamka neno moja, na kundi zima linatokea upande wa pili. Wenzake wote huomba, na dadu au mwendesha mchezo ndiye anayewajibu. Yeye hatoi ombi. Anatangaza, na kitabu cha kanuni kinamlinda kwamba alilolitangaza limekuwa. Nguvu ya kuua si kitu. Mamlaka ya kuamua kisa kiende wapi ndiyo kitu, na mamlaka hayo yamewekwa mikononi mwa mtu mmoja kati ya wanne.

Nimeketi katika meza za namna hiyo mara nyingi, na dalili zake huwa zilezile. Saa ya kwanza wote wanasema. Saa ya tatu mwenye mpiganaji amekwisha kuegemea kiti, anapanga dadu zake kama mtoto apangaye vifuniko vya soda, naye huamka tu anapoitwa kupiga upanga. Ukimuuliza atakujibu kwamba hana neno. Ni kweli, hana neno, wala lake halitakikani.

Haya hayakuwa hivi tangu mwanzo. Gygax aliiga uchawi wake kutoka kwa mwandishi Jack Vance, ambaye kitabu chake The Dying Earth kilitoka mwaka 1950. Humo mchawi huweza kubeba kichwani maneno machache tu, na akilitamka moja linafutika mpaka alisome upya. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 mchawi wa daraja la kwanza alikuwa na neno moja kwa siku. Akiisha kulitumia, alibaki kijana asiye na deraya, mwenye kisu au fimbo, na uhai wake ulipimwa kwa dadu ya pande nne. Akipigwa huku anatamka, neno liliharibika. Kila neno jipya alilolikuta ilibidi ajaribu bahati kama akili yake italiweza. Katika toleo la mwaka 1989 lile neno kuu la kutimiza haja lilimzeesha mtamkaji miaka 5. Na mpiganaji naye alikuwa na yake: katika kanuni za 1978, akifika daraja la tisa na kujenga ngome, askari walikuja kumtumikia. Isitoshe, mpiganaji mkongwe alikuwa mgumu kurogeka, kwa maana kipimo cha kuepa uchawi kilitegemea ukongwe wake yeye, si ustadi wa anayemroga.

Kisha likaja toleo la tatu, mwaka 2000. Walioliandika walikuwa na nia njema: waliondoa vikwazo vilivyowachosha watu. Lakini karibu kila kikwazo walichokiondoa kilikuwa bei ya uchawi. Maneno mengi sasa yalitamkwa papo hapo, na mwenye ujuzi kidogo aliweza kuyatamka hata adui akiwa mbele yake. Mchawi alianza safari akijua tayari kuandika hati za uchawi, hivi kwamba uhaba wa maneno ukawa haumbani tena mwenye fedha. Kuepa uchawi kukawa kunashindana na ustadi wa mchawi, nao haukomi kukua. Ngome na askari wa mpiganaji vikatoweka katika haki zake. Bidhaa ikabaki ileile na bei ikafutwa, kisha watu wakastaajabu kwa nini duka limebaki tupu.

Wapo watakaosema: uchawi ni uchawi, ni haki yake kuushinda upanga. Hoja hii husemwa kwa sauti kubwa na watu ambao hawajasikiliza ngano. Katika ngano zetu za pwani na za bara, mwenye dawa ana miiko. Asile hiki, asipite kile, asigeuke nyuma. Akivunja mwiko, dawa inalala. Msikilizaji huikubali nguvu ya ajabu kwa sababu ameisikia gharama yake. Uchawi usio na mwiko ni mgeni katika hadithi, ni mashine tu iliyovikwa kanzu.

Wapo pia watakaosema kwamba mwendesha mchezo hodari atasawazisha. Naam, ataweza: aweke milango isiyosikia uchawi na walinzi wasiorogeka. Lakini hapo amegeuka polisi wa mtu mmoja, na kila kizuizi anachokiweka ni ushahidi kwamba kitabu kimemwachia kazi ambayo kilipaswa kuifanya chenyewe. Kanuni inayohitaji kupingwa kila jioni ni kanuni mbovu.

Wala simtaki mchawi akatwe mikono. Jambo hilo lilijaribiwa. Toleo la mwaka 2008 liliwapa wahusika wote mpango mmoja wa nguvu: za kila mara, za kila pambano, na za kila siku. Usawa ulipatikana, lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba mpiganaji na mchawi wamefanana mno. Mwaka uliofuata mchezo wa Pathfinder ulitoka ukiwa umejengwa juu ya kanuni za zamani, na wengi wakauhamia. Usawa wa kufanana si haki. Mgala muue na haki yake mpe: toleo la 2014 lilirudisha bei moja nzuri, kwamba maneno mengi yenye kudumu yanahitaji mchawi akaze fikira, na hawezi kuyashika mawili ya namna hiyo kwa wakati mmoja. Lakini toleo hilohilo lilimpa vijineno vya kutamka siku nzima bila kikomo, na mpiganaji wa daraja la 20 likampa mapigo manne badala ya moja. Yaani yule alipewa kufanya mambo mengi, na huyu alipewa kufanya jambo lilelile mara nne.

Kuna mchezo uliokuwa mkweli kuliko huu. Ars Magica wa mwaka 1987, wa Jonathan Tweet na Mark Rein·Hagen, hausemi kwamba mchawi na askari ni sawa. Unakiri kwamba mchawi ni mkubwa, kisha unampa kila mchezaji mchawi wake na pia mhusika wa kawaida, ili ukubwa huo uzunguke mezani kwa zamu. Huyohuyo Tweet ndiye aliyeongoza kazi ya toleo la 2000, ambalo liliuacha ukubwa na kuisahau zamu.

Basi ninachodai ni mambo mawili. Kwanza, bei irudi: neno kubwa limgharimu mchawi muda, mali, umri au hatari, na wenzake waone akilipa. Pili, mpiganaji na mwizi nao wapewe mambo ya kutangaza. Shujaa wa daraja la kumi akiingia mjini, askari wa zamani wamjue na wamfuate bila dadu. Mwizi bingwa akisema ana mtu wake ndani ya ikulu, awe naye. Mambo hayo si uchawi, ni heshima ya mtu aliyefanya kazi yake miaka mingi.

Wazee walisema mganga hajigangi. Mchawi wa 1978 alilijua hilo, akatembea nyuma ya ngao ya mwenzake na kuishukuru. Wa leo amepewa dawa ya kujiganga mwenyewe, na waliokuwa wakimlinda wameketi mezani wakingoja kuitwa.