Umeme ukikatika ubalozini, mfanyabiashara naye yumo

MGAWO wa umeme ukitajwa, wengi hufikiria mashine ya kusaga iliyosimama, maziwa yaliyochacha na saluni iliyofungwa. Ni wachache wanaozifikiria ofisi za balozi zilizopo Dar es Salaam au Nairobi. Hata hivyo ofisi hizo zinatumia umeme huohuo wa gridi, na kwao giza si suala la kukosa feni, bali la usalama. Mfanyabiashara mdogo anayengoja viza ya kwenda Guangzhou kufuata mali naye anaguswa.

Chimbuko la ulinzi tunaouona leo kwenye balozi nyingi ni Agosti 7, 1998, siku balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa kwa mabomu na watu zaidi ya 220 kupoteza maisha. Mwaka 1999 Marekani ilitunga sheria iliyotaka jengo jipya la ubalozi liwe umbali wa futi 100, yaani mita 30 hivi, kutoka ukingo wa eneo lake. Lakini umbali peke yake haulindi. Kamera, taa za uzio, milango ya namba za siri, mashine za kukagua mizigo na redio za walinzi, vyote vinahitaji umeme.

Wapo watakaosema balozi zina majenereta, hivyo hakuna tatizo. Hapo ndipo penye kosa. Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kidogo kuwaka na kupokea mzigo. Pengo hilo huzibwa na betri. Betri zikiwa zimechoka, kamera huzimika na kompyuta huanza upya, na mlinzi hubaki na tochi. Jenereta nayo, ikikaa miezi bila kuwashwa na kupewa mzigo kamili, inaweza kugoma siku ya shida kwa sababu ya betri iliyokufa au dizeli iliyochafuka.

Mfano upo jirani. Agosti 25, 2023 Kenya ilipata giza karibu nchi nzima, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa baada ya jenereta kushindwa kuwaka. Serikali iliomba radhi na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Ikiwa uwanja mkubwa kiasi hicho ulikwama, ofisi ndogo ya ubalozi iliyopanga nyumba ya kawaida itakuwaje? Nchi maskini zina balozi zinazohesabu kila shilingi, na hizo ndizo zilizo hatarini zaidi.

Boza langoni

Umeme ukikatika kwa saa chache, tanki la jenereta linatosha. Mgawo ukidumu wiki kadhaa, kama ule wa mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa ya Tanzania, hesabu inabadilika. Dizeli inaletwa mara kwa mara, na kwa kuwa pampu nazo husimama, huenda na maji yakaletwa kwa boza. Kila gari linaloingia ni lango lililofunguliwa, na ni dereva na mzigo wa kukaguliwa.

Mwaka 1998 Dar es Salaam, boza la maji la ubalozi lililokuwapo langoni lilizuia gari la bomu lisiingie ndani. Siku ile boza lilipunguza maafa. Lakini lilionyesha pia kwamba gari la huduma na lango ndipo adui anapotazama.

Nje ya uzio kuna jambo jingine. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ibara ya 22, unaipa nchi mwenyeji wajibu maalumu wa kulinda majengo ya ubalozi. Askari anayetekeleza wajibu huo anasimama barabarani, na taa za barabarani haziwashwi na jenereta la balozi. Ibara hiyohiyo inakataza mtu wa serikali kuingia ubalozini bila ridhaa ya mkuu wake, kwa hiyo hata fundi wa Tanesco atangoja ruhusa kama hitilafu iko ndani ya uzio.

Hasara inafika Kariakoo

Usalama ukilegea, dirisha la kwanza kufungwa ni la viza, kwani ndipo umati unapokusanyika. Mashine ya alama za vidole ikizimika, foleni inarudi nyumbani. Mwenye tiketi na fedha za mkopo mkononi anapoteza msimu.

Je, umeme si upo sasa? Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilikamilika mwaka 2025. Ni hatua kubwa. Lakini umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja, na kufika kwenye soketi bila kukatika ni jingine. Nyaya na transfoma zilizochakaa hazijali wingi wa maji bwawani.

Dawa si kuzipa balozi laini ya upendeleo huku masoko yakibaki gizani. Taa za barabarani za sola zinamsaidia askari wa Oysterbay na mlinzi wa soko la Tandale kwa pamoja. Sola na betri ndani ya uzio zinapunguza safari za boza. Taarifa ya mapema ya katizo inampa kila mtu nafasi ya kujipanga.

Msomaji naye ana la kujifunza. Washa jenereta lako kila mwezi, ukilipa mzigo. Weka taa ya sola kwenye mlango wa ghala. Omba viza mapema, usingoje wiki ya safari. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.