Insha si Gunia la Madesa

Wanazuoni wenzangu, mwaka wa kwanza nilirudishiwa insha yenye swali moja pembeni kwa wino mwekundu: "Wewe uko wapi?" Nilikasirika. Kurasa sita, vyanzo vitano, bado mtu ananiuliza niko wapi?

Mada niliichagua mwenyewe: butura. Kwetu Ndama, Karagwe, neno hilo si geni. Mkulima akibanwa na shida anauza kahawa ikiwa bado maua au punje changa mtini, kwa bei ya kutupa. Mavuno yakifika, anayebeba magunia ni mnunuzi. Serikali imepiga marufuku, na mwaka 2018 ikaelekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika.

Nilichofanya ni kupanga vyanzo kama magunia ghalani: aya hii tamko la serikali, ile gazeti, inayofuata kitabu cha ushirika. Vyote vilisema butura ni unyonyaji, nami nikahitimisha kwamba butura ni unyonyaji. Kumbe niliita mashahidi wa upande mmoja tu.

Likizo nikamuuliza baba. Akacheka. "Sare, godoro na nauli yako ya kidato cha kwanza unadhani vilitoka wapi? Ilikuwa Januari, mwanangu. Kahawa ilikuwa haijaiva."

Hapo ndipo insha ilipoanza. Serikali inazungumzia bei. Baba anazungumzia muda. Wote wawili wana ukweli, lakini hawajibu swali moja. Nikapata kauli yangu: katazo peke yake halitamaliza butura kama mkulima hana pa kukopa kabla ya mavuno.

Ila baba naye ni chanzo, si msahafu. Ni mtu mmoja, na anatetea alichokifanya. Kuna jirani yetu aliyeuza hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka akawa anachuma kahawa ya shamba lake mwenyewe kama kibarua. Naye nikamwingiza, maana alikuwa anaitikisa hoja yangu. Ilibidi nikubali kwamba katazo lina kazi yake, kisha nioneshe kwa nini halitoshi.

Kwa hiyo nasema hivi: vyanzo vingi havifanyi insha kuwa na hoja. Kila chanzo kiulize: nani anasema, anasimama wapi, na anajibu nini ambacho wenzake hawakujibu? Mpinzani wako mpe nafasi akiwa na nguvu zake zote, usimchague yule dhaifu. Ulichochukua kwa mtu, mtaje. Halafu sema wewe unasimama wapi.

Najua mtasema muda hautoshi, asainmenti ni nyingi, na mtu wa steshenari ana insha tayari kwenye flashi. Lakini anayekusanya insha ya kudesa naye amefanya butura. Ameuza akili yake ikiwa bado maua, na baba yangu angalau alikuwa na sababu.